Kupanda Mto Vakh Kufuata Kiambishi Kimoja

Treni kutoka Tyumen ilipita Tobolsk, ikavuka mto Ob karibu na Surgut, na kutufikisha Nizhnevartovsk, mji uliokuzwa na mafuta ya Samotlor yaliyogunduliwa mwaka 1965. Kutoka hapo tuliupanda mto Vakh kwa boti, kati ya vinamasi na misonobari. Nilichokifuata ni kiambishi -nə cha Kikhanty cha mashariki, lugha ya Wakhanty wa Siberia ya magharibi, kiambishi ambacho kwa kawaida huonyesha mahali, kama -ni yetu ya "mtoni", lakini wakati mwingine hubandikwa kwenye jina la mtenda.

Bibi aliyetukaribisha alisimulia huku akipasua samaki, na mjukuu wake akatufasiria kwa Kirusi. Habari yenyewe ilimhusu mbwa. Mbwa alitangulia msituni, akanusa, akabweka, na katika sentensi zote hizo alikuwa kiima kisicho na alama. Dubu alipomjeruhi, bibi hakumpa dubu nafasi hiyo: kitenzi kiliingia kauli ya kutendwa, kikaendelea kupatana na mbwa, na dubu ndiye aliyebandikwa -nə, kwa kuwa kisa kilikuwa bado cha mbwa.

Sentensi iliyofuata ndiyo iliyonifanya niache kuandika nisikilize. Kaka yake bibi, kwa hofu, alifyatua bunduki na kuutoboa mtumbwi wake mwenyewe. Jina lake nalo lilichukua -nə, ila kitenzi kilibaki katika kauli ya kutenda na kilipatana naye. Wanaisimu wengi huuita muundo huu ergativu, yaani ule unaompa alama mtenda wa kitenzi chenye yambwa, jina ambalo naona halitoshi, kwa sababu hapa msemaji anachagua: nilipomwomba bibi aseme bila kiambishi, alisema bila shida. Wapo wanaoufungamanisha uchaguzi huo na udhibiti wa mtenda juu ya tendo lake, na wapo wanaoangalia zaidi nafasi yake katika mazungumzo. Kwa mtumbwi ule, uliotobolewa bila kukusudia, naelemea upande wa kwanza.

Kaskazini, kwa wasemaji wa Kikhanty cha Kazym, muundo huo haupo. Huko kauli ya kutendwa ndiyo inayomweka anayezungumziwa katika nafasi ya kiima, na kitenzi hupatana na yambwa pale ambapo nayo imekwisha kuwa sehemu ya mazungumzo, jambo ambalo msemaji wa Kiswahili anayetofautisha "nimeona kitabu" na "nimekiona kitabu" atalielewa upesi.

Orodha ya sentensi za kutafsiri, niliyokuja nayo, niliiweka kando. Sentensi iliyotengwa na kisa chake haina mbwa wa kulindiwa nafasi, kwa hiyo jioni ile tulirekodi hadithi nzima nzima, bibi akichagua mwenyewe aanzie wapi.