Nilivyoandaa michoro na kupata kibali cha kukarabati nyumba ya ukoo, Mji Mkongwe wa Bagamoyo

Nyumba yetu ni moja ya zile za mawe ya matumbawe zilizojengwa zikiwa na duka upande wa mtaani na makazi upande wa nyuma, katika mtaa ambao wazee bado huuita Mtaa wa India. Nilipokabidhiwa na ukoo jukumu la kuikarabati, paa lilikuwa linavuja, dari ya chumba kimoja imebonyea, na lipu ya ukuta wa mbele inabanduka kila baada ya masika. Naandika jinsi kibali kilivyopatikana kwa sababu nimekutana na wenye nyumba kadhaa hapa Bagamoyo wanaoacha nyumba zao zianguke wakiamini kwamba serikali imekataza kuzigusa, ilhali kinachotakiwa ni kueleza mapema, kwa maandishi na michoro, utagusa nini na utaacha nini.

Kisheria kuna mambo mawili yanayokutana. Ujenzi wowote mjini huhitaji kibali cha halmashauri chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Juu ya hilo ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, ambayo huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863 na kutoa nafasi ya kulinda mengineyo kwa tangazo. Nyumba yetu haina umri huo, lakini imo ndani ya Mji Mkongwe ambao ni eneo la hifadhi, kwa hiyo Idara ya Mambo ya Kale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, lazima itoe maoni yake. Mlango wetu wa nakshi una ulinzi wake peke yake, maana sheria hiyo inaitaja milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki. Niliisoma sehemu hiyo mbele ya kikao cha ukoo, kwani tayari alikuwapo mtu aliyeletewa bei ya mlango na mnunuzi kutoka Dar es Salaam.

Kabla ya mchoro wowote ilibidi umiliki ueleweke. Shangazi yangu ndiye msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hivyo maombi yote yalikwenda kwa jina lake, yakiambatana na barua ya usimamizi na muhtasari wa kikao uliosainiwa na warithi. Kwa nyumba za urithi naona hapa ndipo maombi mengi yanapokwama, wala si kwenye ramani.

Kisha tulipima. Nilimtafuta msanifu majengo aliyesajiliwa, na nikamwomba aandamane na fundi mzee wa chokaa ambaye amezikarabati nyumba za namna hii tangu ujana wake. Niliwaeleza wote wawili kwamba mchoro wa kwanza uwe wa nyumba kama ilivyo, pamoja na nyufa zake, na pasichorwe mstari wowote wa kitu kipya hadi huo ukamilike. Hakuna chumba chenye pembe mraba, kwa hiyo futi kamba ilipitishwa pembe kwa pembe katika kila chumba, na timazi ikashushwa kwenye kila ukuta ili tujue unaolala na unaosimama. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi mita tatu, kwa sababu upana huo huamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Kila daka, yaani kishubaka cha ukutani, kila dirisha na kila ufa ulipewa namba kwenye mchoro, na picha ikapewa namba ileile.

Upimaji huo ndio uliotuonyesha chanzo cha uharibifu. Majirani walikuwa wametwambia kwamba boriti zimeliwa na mchwa, lakini fundi alipochokonoa aliona sehemu ya katikati ya kila boriti ni nzima, na kilichooza ni vichwa vyake tu, pale vinapoingia ukutani. Miaka mingi iliyopita ukuta ule ulipigwa lipu ya saruji kwa nje. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, na saruji huuzuia usitoke. Maji yakabaki ndani, vichwa vya boriti vikaoza, na chumvi ya pwani ikawa inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma hadi inabanduka. Maelezo haya tuliyaweka kwenye maombi pamoja na picha zake, na nina hakika ndiyo yaliyobadilisha mazungumzo yetu na maofisa, kwa sababu tangu hapo tulikuwa tunajadili tiba ya ugonjwa unaojulikana.

Mjadala mgumu zaidi ulikuwa wa nyumbani. Baba yangu mdogo alitaka ghorofa na madirisha ya aluminiamu.

"Mwanangu, nyumba ya chini haituingizii kitu," alisema. "Panda juu, tupangishe wageni."

"Baba, kuta hizi hazina nondo wala nguzo," nilimjibu. "Ukiziongezea mzigo, wageni watalala chini ya kifusi. Nipe nafasi nikuonyeshe vyumba vya kupangisha vilipo."

Vilikuwa uani. Ua wetu ni mpana, na nyuma yake palikuwa na mabanda ya mabati yasiyo na thamani yoyote ya kihistoria. Msanifu alichora hapo jengo jipya la chini lenye vyoo, jiko na vyumba viwili, likiwa na msingi wake na kuta zake, limeachana na ukuta wa zamani ili lisiuegemee. Kwa namna hiyo mabomba yote ya maji na maji taka yalihamia uani, na ndani ya nyumba ya zamani hapakubaki sababu ya kutoboa ukuta. Nyaya za umeme zilichorwa zikipita juu ya lipu katika mirija, jambo ambalo halipendezi sana machoni, lakini ni afadhali kuliko kuchimba mifereji katika matumbawe. Madirisha yalibaki ya mbao, na wavu wa mbu ukawekwa kwa ndani.

Maombi yalipelekwa halmashauri, na nakala ofisi ya Mambo ya Kale. Mbali na michoro ya hali iliyopo na ile ya mapendekezo, tuliambatanisha maelezo ya namna kazi itakavyofanyika: lipu ya saruji ibanduliwe kwa mkono, mawe yaliyolegea yatomewe upya kwa chokaa na vipande vya matumbawe, sehemu moja ya chokaa ichanganywe na tatu za mchanga usio na chumvi, boriti zinunuliwe kwa muuzaji mwenye vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu, kwani mikoko haikatwi kiholela. Ofisa alikuja kutazama. Alizunguka nyumba akiwa ameshika mchoro wa hali iliyopo, akahakiki namba moja moja, kisha akatoa hoja mbili. Ya kwanza ilihusu uwazi wa duka, ambao tulipendekeza uzibwe nusu ili kupata dirisha. Alikataa usizibwe, akieleza kwamba mpangilio wa milango ya maduka ndio unaoutambulisha mtaa wenyewe. Ya pili ilikuwa mabati. Aliyakubali kwa kuwa picha za zamani zilionyesha nyumba ilikuwa na mabati tayari, ila mwinuko wa paa usibadilike na rangi isiwe ya kung'aa. Hoja ya kwanza haikunifurahisha, maana chumba kile ni cha giza, lakini nikitazama mtaa kutoka upande wa pwani nakubali kwamba alikuwa sahihi. Michoro ilirekebishwa, ada zikalipwa, kibali kikatoka.

Kazi yenyewe ilianza baada ya masika, kwa sababu chokaa haipendi mvua kubwa wala jua kali: hukauka polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na ikiharakishwa hupasuka. Chokaa iliyochomwa ililowekwa shimoni kwa majuma kadhaa kabla ya kutumika, lipu ikapigwa tabaka nyembamba nyembamba zikifunikwa kwa magunia mabichi, na mwisho ikaja niru, yaani chokaa laini ya kumalizia. Mlango haukung'olewa. Miimo ya pembeni na mfaa, yaani mhimili wa katikati ya mlango, vilisafishwa pale pale vilipo, na kipande kilichooza chini ya mwimo mmoja kikaungwa kwa mbao ya aina ileile.

Katikati ya ujenzi baba mdogo aliomba tangi la maji liinuliwe juu ya mnara wa chuma ili wapangaji wapate maji ya kutosha. Halikuwamo kwenye michoro, kwa hiyo nilisimamisha kipengele hicho na kuandika maombi ya nyongeza, yakiwa na mkato mmoja, yaani mchoro wa nyumba kana kwamba imekatwa wima, unaoonyesha kimo cha tangi kikilinganishwa na paa la mbele. Jibu lilikuja na sharti kwamba tangi lisionekane kutoka mtaani na bomba lisipite kwenye ukuta wa zamani. Msanifu alishusha mnara, akaongeza pampu ndogo, na fundi bomba akapitisha bomba chini ya sakafu ya ua.