Albamu za mama na picha za kupamba

Mamangu alipokubali kuihama nyumba ya Kibokoni aje akae nami Tudor, hapa hapa Mombasa, alitoa sharti moja: albamu zake zije naye. Zilikuwa 23, pamoja na madaftari manne makubwa ambamo kwa miaka mingi amekuwa akibandika kadi za harusi, tiketi za basi, telegramu na vipande vya magazeti. Nyumba yangu ina vyumba viwili. Masanduku yalipoingia, kitanda cha mwanangu kilisogezwa hadi nyuma ya mlango, na kwa miezi mitatu kila aendaye jikoni alipita ubavu.

Nilianza kuziskani, yaani kuziingiza picha kwenye kompyuta, kwa ajili ya nafasi, sikatai. Lakini siku nilipofungua albamu ya harusi ya mama nikakutana na harufu ya uvundo, niliona hapana, hii kazi haingoji. Unyevu wa mji wetu hauionei huruma karatasi. Picha kadhaa zilikuwa zimeota ukungu, na zile za rangi za miaka ya sabini zimegeuka nyekundu, nyuso na kuta pamoja. Katika karatasi nyingi za enzi zile rangi ya samawati ndiyo iliyotangulia kufifia, hata albamu ikiwa imefungiwa kabatini gizani. Picha nyeusi na nyeupe za nyanya, zilizo kongwe kuliko hizo, bado zilikuwa safi.

Duka moja mjini lilikuwa tayari kuziskani zote kwa bei nafuu. Mama akakataa katakata, nami nikamwelewa. Siku ya kupamba, bibi harusi hukalishwa mbele ya wanawake peke yao, na wageni huvua mabuibui wakaonyesha mavazi, dhahabu na nywele. Waliokubali kupigwa picha siku ile walijua itakaa ndani ya albamu, ndani ya nyumba. Ile ni amana. Huwezi kumkabidhi kijana wa dukani usiyemjua, abaki nayo kwenye kompyuta yake.

Basi nikaazima skana ya binamu yangu, ile ya kulaza picha kwenye kioo, nikafanya mwenyewe kila siku baada ya alfajiri kabla joto halijapanda. Feni lazima izimwe: inapeperusha picha na kuleta vumbi kwenye kioo, na chembe moja ya vumbi huonekana kama doa usoni pa mtu. Niliskani kwa nukta 600 kwa kila inchi. Kwa picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 hizo ni nukta 2,400 kwa 3,600, zinatosha kuichapisha kubwa mara mbili na bado ikatoka safi.

Shida ilikuwa albamu za gundi, zile zenye kurasa zinazonata na plastiki juu. Ya kwanza niliivuta kwa kucha, ikachanika pembeni, mkono wa babu ukabaki kwenye gundi. Nililia. Baadaye nikajifunza kupitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, polepole, kama unayekata mkate mbichi. Iliyokataa kutoka niliiacha palepale, nikainua plastiki tu na kuskani ukurasa mzima. Madaftari yote nilifanya hivyo pia, maana ukiibandua tiketi ya basi kutoka kando ya kadi ya harusi, humjui tena aliyesafiri kuja kwenye harusi ile.

Picha ya babu iliyo kwenye fremu ilikuwa imegandamana na kioo, na kuitoa ni kuiua. Niliipiga kwa simu kupitia kioo. Mwanzo nilijiona mwenyewe ndani yake, kisha nikatundika buibui kuukuu mbele ya fremu, nikatoboa tundu dogo la kamera. Mwako wote ukapotea.

Na geuza kila picha. Nyuma ndiko kwenye muhuri wa studio, tarehe, na maneno ya watu. Nyanya aliandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, na ilibidi nimtafute mzee wa mtaa anisomee. Pasipo na maandishi, picha yenyewe husema: ukiliona daraja la Nyali lile la kuelea, ujue ni kabla ya 1980. Majina nilimwachia mama. Nilikuwa namwonyesha picha kwenye televisheni, kubwa, huku simu ikimrekodi. Kuna mwanamke aliyekuwa akimwita “jirani tu” kwa miaka yote, alipouona uso ule kwa ukubwa akashtuka: “Huyu si jirani! Huyu ndiye aliyeninyonyesha mama alipolazwa!” Majalada yote nikayapa jina linaloanza na mwaka, yajipange yenyewe.

Picha kama 1,900 zikaingia kwenye flashi moja na nafasi ikabaki. Nakala nyingine iko diski ya nje, ya tatu nimempelekea kakangu Malindi. Picha za kupamba hazimo katika hiyo ya kakangu. Ziko kwenye flashi yao peke yao, yenye neno la siri, nayo anaiweka mama. Kwenye kundi la familia la WhatsApp haijapita hata moja.

Kabla ya kuifunga flashi hiyo niliwapitia waliomo ambao bado wako hai. Wengi walicheka wakaniruhusu. Khalati, mdogo wake mama, alikuja mwenyewe.

“Mwanangu, nipe zangu. Na huko kwenye mashine zitoke.”

“Ziko saba, khalati. Tuzitoe pamoja.”

Nikamkalisha kando yangu, nikawa nazifuta moja moja huku akitazama, kwenye kompyuta, kwenye diski na kwenye flashi. Zile za karatasi nikamtilia kwenye bahasha. Tulipofika ya sita akanishika mkono.

“Hiyo iwache,” akasema. “Hapo nimeshikwa bega na mama.”