Kunguru wa Yusra

Tangu Jumatatu sina raha. Tulikuwa barazani, mimi nachambua mchicha, Yusra na daftari lake la Kiswahili magotini. Kapewa majina ya makundi: bumba la nyuki, genge la wezi, thurea ya nyota. Kwenye mwembe wa jirani kunguru wakaanza fujo zao, hawa wa Kihindi walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na leo wametapakaa pwani nzima. Akanyanyua kichwa.

"Mama, na kunguru wakiwa wengi?"

"Kundi la kunguru."

"Kundi tu? Mbona Waingereza wanasema mauaji ya kunguru? Sisi hatuna?"

Nikamjibu, "Maliza kwanza hayo uliyopewa," nikainamia mchicha wangu.

Jumatano barua ya kuthibitishwa kazini imetoka, Alhamisi mdogo wangu kaposa, alhamdulillahi, lakini kila nikitulia nasikia "Sisi hatuna?" Usiku nikatafuta. Hayo mauaji yao yamo kwenye orodha zao za maneno tangu karne ya kumi na tano. Mtu alikaa akayakusanya maneno ya kwao moja moja. Mimi wa kwangu nimemnyamazisha, akaenda kulala akiamini lugha ya bibi yake imepungukiwa. Imeniuma sana.

Jana nikampigia mama. Baada ya shikamoo na habari za posa nikamweleza. Akakaa kimya kidogo.

"Kwani utitiri umeusahau, mwanangu?"

Jamani! Papo hapo nikaliona banda letu la kuku. Nina miaka minane, nimetumwa kutoa mayai chini ya tetea anayeatamia. Mkono unatoka na vidoa vidogo kuliko punje ya ufuta. Navitazama, vinatembea! Vimeshafika kwenye kiwiko, na mama ananisugua kwa majivu. Wadudu wale ndio utitiri. Leo tunasema utitiri wa kodi, utitiri wa vyama, na wengi wanaolitamka hawajawahi kuingiza mkono chini ya kuku. Neno limetoka bandani likafika bungeni!

Nikampa Yusra simu, bibi akamsimulia yote. Mara namsikia yuko uani, anapiga kelele kuelekea mwembeni: "Utitiri wa kunguru!" Sijamsahihisha, maana kasema sawasawa.

Ila mama alikohoa mara tatu akisimulia, kikohozi kikavu. Nilipomuuliza akasema ni vumbi tu. Na Tanga mvua imenyesha wiki nzima.