Ulimwengu wa Mashujaa Huanza kwa Kupunguza

Kila ninapobuni ulimwengu wa mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa wenye nguvu za ajabu, nikitaka ufanane na filamu au tamthilia ya televisheni kuliko kitabu cha katuni, kazi yangu ya kwanza huwa ni kupunguza. Vitabu vya katuni vimelimbikiza visa tangu Superman alipotokea mwaka 1938, ndiyo maana ndani yake miungu, wachawi, roboti na wageni wa sayari nyingine huishi mji mmoja bila mtu kushangaa. Mtazamaji wa filamu huombwa aamini jambo moja la ajabu, kisha mengine yatokane nalo.

Tamthilia ya Smallville, iliyoanza mwaka 2001, ilitumia vimondo: mawe yaliyoanguka siku aliyofika mtoto Clark Kent, ambaye baadaye huwa Superman, ndiyo yaliyowapa wakazi kadhaa wa mji ule nguvu zao. The Flash ya mwaka 2014 ikatumia mlipuko wa mtambo wa kisayansi. Naipenda mno mbinu hii, kwa kuwa inamwachia mwongoza mchezo, yaani anayesimulia hadithi na kuigiza maadui, kitu kikubwa kuliko maelezo ya chanzo cha nguvu: shujaa na adui wamepatwa na mkasa mmoja, na aliyeujenga mtambo anadaiwa majibu na wote wawili.

Katika mchezo wangu wa karibuni nguvu zote zilitokana na mgodi ulioporomoka, lakini mchezaji mmoja alikuja na karatasi ya maelezo ya mhusika wake, mwenye pete iliyotoka katika kaburi la mfalme wa kale. Sikumkatalia, nilimwuliza tu kama madini ya pete hiyo yangeweza kuwa yamechimbwa mgodini humo. Alinyamaza kidogo, akafuta neno "kaburi", akaandika juu yake: "Baba alikuwa mchimbaji, hakurudi." Kwa mstari huo mhusika wake alipata msiba, pamoja na sababu ya kumchukia mwenye mgodi, ambaye nilikuwa nimekwisha kumwandaa awe adui mkuu wa msimu.

Suala la utambulisho wa siri nalo liamuliwe mapema. Filamu ya Iron Man ya mwaka 2008 inamalizika Tony Stark akitangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba yeye ndiye Iron Man, na tangu hapo hadithi zake hazihitaji tena visa vya kujificha. Mavazi yanaweza kusubiri.

Hata hivyo, sijazi kila nafasi. Harley Quinn alizaliwa mwaka 1992 katika katuni ya televisheni ya Batman, akiwa msaidizi tu wa Joker, adui wa Batman, na baadaye vitabu vya katuni vikamchukua. Kwa sababu hiyo huacha mistari miwili mitupu katika orodha yangu ya wahusika, nikingoja wachezaji wanionyeshe ni kibaraka gani wa adui wanayetaka kukutana naye tena.