Tulivyoivuta faiba mpaka mtaani kwetu Nyasaka

Kwa sisi tunaoishi Nyasaka, wilaya ya Ilemela jijini Mwanza, suala la kwanza kwenye intaneti ya nyumbani si bei, ni nani anafika. Ukiwa mjini kati, barabara ya Kenyatta, unatajiwa kampuni kadhaa na unachagua. Ukipanda huku kwenye mawe, orodha inakatika. Unabaki na kampuni moja, au hata hiyo moja huipati.

Mimi natunza hesabu za wafanyabiashara wadogo. Naandaa ritani zao za VAT, yaani taarifa za kodi ya ongezeko la thamani, na kuziwasilisha TRA, mamlaka ya mapato, kwa mtandao kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi, na kazi yote naifanyia nyumbani. Watoto wangu wako sekondari, jioni wanafuatilia masomo kwenye video. Kwa muda mrefu tuliishi kwa bando la simu. Bando la wiki linaisha kabla ya wiki, unaongeza la siku, mtoto anaomba hotspoti, nalo linaisha. Nikazikusanya jumbe zote za malipo na kuzijumlisha kama ninavyojumlisha za wateja. Tulikuwa tunatoa zaidi ya shilingi 90,000 kwa mwezi, na hapo video tulikuwa tunazibania.

Nikaanza kutafuta huduma ya mwezi isiyopimwa kwa GB. Mawakala wote walinipa bei papo hapo, lakini hakuna aliyejua kama mtandao wake unashika vizuri ndani ya nyumba yangu. Kwa hiyo nikaazima laini za mitandao tofauti kwa ndugu na majirani, nikapima kasi kwenye simu moja, dirisha moja: asubuhi, mchana, na saa tatu usiku. Nasisitiza hiyo saa tatu usiku. Mnara mmoja unahudumia watu wengi, na wakisharudi majumbani wote wanagawana kasi ileile. Mtandao uliong'ara saa nne asubuhi ulikuwa haufungui hata barua pepe usiku.

Ruta ya 5G ndiyo niliyoitegemea zaidi, kwa kuwa haihitaji waya wala fundi. Lakini 5G mara nyingi hutumia mawimbi ya masafa ya juu, ambayo hayapendi ukuta, sembuse mlima wa mawe. Kati ya nyumba yangu na mnara wa karibu kuna jabali. Jirani wa upande wa pili, ambaye dirisha lake linautazama mnara, anafurahia ruta yake mpaka leo. Mwanza ndivyo ilivyo: nyumba mbili zinazopakana, intaneti mbingu na ardhi. Yeyote anayetaka kununua ruta namshauri aijaribu kwanza nyumbani kwake, na kama wakala hakubali aijaribu, asinunue.

Ikabaki faiba, yaani intaneti inayoletwa nyumbani kwa waya. Nguzo yenye boksi la faiba ilikuwa chini barabarani, naiona nikitoka getini. Nilikuwa naitazama kwa uchungu. Nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, kisha Mkongo wa Taifa, mtandao wa faiba wa serikali, ukayaleta mawasiliano hayo mikoani hadi huku Kanda ya Ziwa. Intaneti imevuka bahari, imesafiri zaidi ya kilomita elfu moja kuja Mwanza, halafu inakwama mita mia tatu kutoka mlangoni kwangu! Hicho kipande cha mwisho ndicho ghali kwa kampuni, maana nguzo, waya na fundi vyote vinakwenda kwa nyumba chache.

Fundi aliyekuja kukagua alikuwa kijana mkweli.

"Dada, boksi hili nafasi zimejaa. Waya mmoja unagawanywa kwa idadi maalumu ya nyumba, ikitimia basi. Na kampuni haiwezi kuleta boksi jipya kwa mteja mmoja."

"Na tukiwa wengi?"

"Hapo ni habari nyingine. Leteni majina, namba za simu na nyumba zilipo. Wakiona wateja wapo, ombi linapita."

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alinisikiliza, akaniruhusu nizungumze mwishoni mwa mkutano wa mtaa, baada ya ajenda ya maji na taka. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba. Vijana hawakuhitaji maelezo. Wazee ndio walinipa kazi, na maswali yao yalikuwa ya maana kuliko ya vijana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo faiba mimi ya nini? Simu yangu ya tochi inanitosha."

Nikamuuliza kuhusu wapangaji wake. Akanyamaza, akakumbuka kwamba kuna mpangaji aliyehama kwa kukosa intaneti. Akaandika jina, na kesho yake akaniletea majina ya wenye nyumba wenzake wawili.

Barua ya maombi tuliipeleka kwa mkono ofisini kwa kampuni, ikiwa na muhuri wa serikali ya mtaa, mchoro wa nyumba zetu na orodha ya waliojitolea kulipia. Nikabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo ndiyo silaha. Kampuni ikikupuuza, utaratibu ni kulalamika kwao kwanza kwa maandishi, na usiporidhika unakwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ambao wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Hatukufika huko, ingawa tulisubiri mpaka baadhi ya majirani wakaanza kukata tamaa, na nilipiga simu ofisini kila wiki bila kuchoka.

Boksi jipya lilipofungwa kwenye nguzo yetu, nilikataa kusaini kabla ya kuuliza. Bei hiyo VAT ya asilimia 18 imo au inaongezwa? Ruta ni yangu au ya kuazimwa? Gharama ya kufungiwa inalipwa mara moja? "Bila kikomo" maana yake nini, kuna kiasi cha data ambacho nikikifikia kasi inapunguzwa? Na kasi ya kupandisha mafaili ni ngapi, kwa sababu mimi kazi yangu ni kutuma kuliko kupakua? Kuhusu kasi, jirani mmoja alidhani Mbps 10 ni megabaiti kumi kwa sekunde. Ni megabiti, unagawa kwa nane kupata megabaiti. Faili la GB 1 kwa kasi hiyo litachukua dakika kama 13. Mtu akilijua hilo hauziwi kifurushi kikubwa asichokihitaji, na hadanganywi na kidogo.

Bei hatukuweza kuipunguza, ni ya nchi nzima. Lakini kwa kuwa tulikuwa kundi, gharama ya kufunga tulisamehewa. Sasa nalipa shilingi 55,000 kwa mwezi, nyumba nzima inatumia, na ritani zinatoka bila mimi kukesha.

Bando dogo la mtandao mwingine bado naweka kwenye simu, kwa siku ambazo waya unakatwa na mchimba mtaro au umeme unakatika. Haliokoi kila kitu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini zilipopata hitilafu, faiba na simu vyote viliyumba pamoja, maana wote tunapita mlango uleule wa bahari.

Kinachoniuma ni kwamba hata sasa hatuna cha kuchagua. Kampuni ya faiba ni moja, ikipandisha bei kesho tutalipa. Tangu tufungiwe, wakala wa kampuni nyingine amekuja mtaani kuuliza ni nyumba ngapi ziko tayari kuhama, na hilo pekee limenipa matumaini, kwa sababu miaka yote ile hakuna aliyewahi kuja kuuliza. Nilimpa orodha yetu, nikamwongezea majina ya majirani wa juu, nyuma ya jabali, ambao waya wetu haujawafikia. Nikamwambia aanze na wao.