Kwani Mungu naye kafa na kideri?

Juzi dogo mmoja wa mtaani kwetu kaniuliza, bro nyie mnavyokomaa na kanisa kila Jumapili kumwabudu Mungu, mnapata nini? Nikataka kumpa majibu ya sandeskuli, katupa uzima, katulinda, katupa riziki, halafu nikajikuta nimenyamaza kwasababu hilo swali lilishaninyoosha mwaka jana.

Mwaka jana nilikuwa na kuku wa nyama 300, hela ya vikoba hiyo, zimebaki siku chache waende sokoni. Chanjo ya kideri nilichelewesha, simsingizii mtu, uzembe wangu. Jumatatu nikaokota wawili wamekufa, Jumanne kumi na kitu, wengine shingo zimejipinda wanazunguka tu wenyewe kama walevi, kufika Ijumaa banda kimya. Jamani banda la kuku likiwa kimya linatisha.

Jumamosi nachimba shimo la kuwafukia, nimevimba sitaki kuongea na mtu, mama yangu yumo bandani anafagia maranda na ANAIMBA. Tenzi, kwa sauti kabisa, majirani wanasikia. Nikamwambia mama sasa unaimba nini hapa? Hata fagio hakuacha, akanijibu, "Kwani baba, Mungu naye kafa na kideri?"

Nilichukia siku nzima. Usiku nikafungua Ayubu, sio kwa upako wowote, nilikuwa natafuta mwenzangu aliyefiwa na mifugo. Kumbe nilikuwa siijui ile stori vizuri, siku zote naikimbilia mwisho pale anaporudishiwa mara mbili, na ndo tunavyohubiriwa wengi, abudu ufunguliwe, abudu upate gari (hayo mahubiri siku hizi yananichosha kwakweli). Lakini soma sura ya kwanza. Ng'ombe jozi 500, punda 500, ngamia 3,000, kondoo 7,000, watoto kumi, vyote vimeondoka siku moja, na siku hiyohiyo, hajarudishiwa hata mbuzi, jamaa kararua joho, kanyoa kichwa, kaanguka chini kasujudu. Na unajua nani aliuliza lile swali la dogo? Shetani! Alimuuliza Mungu, kwani Ayubu anakucha bure? Yaani kesi yote ya kile kitabu ni hiyo, kama kuna mtu anaweza kumwabudu Mungu bila kulipwa.

Hapo ndo nikamwelewa mama. Kushukuru nashukuru kwa alichonipa, sawa, ila wiki ambayo sina cha kuhesabu bado yeye ndo kaniumba na bado Yesu kafa msalabani kwa ajili yangu, hivyo viwili kideri hakivigusi. Hata wale wazee 24 wa kwenye Ufunuo sura ya nne, wanatupa taji zao mbele ya kiti cha enzi na sababu wanayoitaja ni kwamba kaviumba vitu vyote, basi. Hakuna anayetaja kiwanja pale.

Kesho yake kanisani kiongozi wa sifa akashika maiki, kama Mungu kakutendea wiki hii piga keleleee! Watu wakapiga, mimi nikakaa, sikuwa na ya kupiga. Umeme ukakatika, kinanda kikazima, spika zikazima, wimbo ukabaki midomoni mwa watu tu, taratibu, na bila kupanga nikajikuta nimepiga magoti kwenye sakafu ya simenti, kwenye upindo wa suruali bado kuna maranda.

Basi dogo nikamsimulia yote hayo. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaniuliza, sasa deni la vikoba ulilimaliza?

Namaliza mwezi wa tisa.