Kabla hujanunua kompyuta ya uhandisi, soma hii

Wadogo zangu mnaokuja Dodoma kusoma uhandisi, jana nilimsindikiza mdogo wangu mjini kununua kompyuta mpakato, nikakumbuka machungu yangu ya mwaka wa kwanza.

Mimi niliuziwa mashine nyembamba, inang'aa, RAM (kumbukumbu ambayo kompyuta hutumia ikiwa kazini) GB 4. Mama alikuwa ameuza alizeti kule Singida ili niipate. Kuandika ripoti iliweza. Siku tulipoanza kuchora kwa AutoCAD, programu ya michoro ya kihandisi, ikawa inaganda kila nikigusa mstari, kazi nikaimalizia usiku kwa kuazima ya mwenzangu wa chumbani. Nililia, si kwa ajili ya kompyuta, kwa ajili ya jasho la mama.

Kwa hiyo jana hatukuangalia rangi. Tuliuliza RAM kwanza: GB 16, au GB 8 yenye nafasi ya kuongeza baadaye (nyingine RAM imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki kabisa, hakikisha kabla hujalipa). Hifadhi iwe SSD, ile ya kasi isiyo na diski inayozunguka. Ukichora vitu vya 3D, tafuta yenye kadi ya picha inayojitegemea. Na iwe ya Windows, maana SolidWorks (ya kubuni vitu vya 3D) na ArcGIS Pro (ya ramani) hazikutengenezwa kwa Mac.

Tukapata ya mtumba, nzito kidogo lakini imara. Tuliiwasha nusu saa bila chaja, tukapima betri, tukasikiliza feni. Vumbi la kiangazi hapa Dodoma huziba feni haraka, kwa hiyo kila muhula mpelekee fundi aipulize.

Dogo kaikumbatia hadi ndani ya daladala.